Edward Saidi Tingatinga na Wanyama Wake wa Rangi

Mwanafunzi, katika kurasa zilizotangulia umechambua jinsi mwandishi anavyojenga wahusika kwa maneno. Wasifu huu unakukutanisha na mtu aliyewajenga wahusika kwa rangi: chui mwenye macho makubwa kama visahani, tembo aliyejaza ubao mzima hadi mkia ukakosa pa kukaa, ndege mwenye shingo ndefu kuliko miguu yake. Huenda umewaona wanyama wa aina hiyo katika kitabu cha mdogo wako wa chekechea au katika filamu ya katuni, ukatabasamu, kisha ukaendelea na shughuli zako. Aliyeuanzisha mtindo huo hakuwa mchoraji wa vitabu. Alikuwa mhudumu wa hospitali, na kabla ya hapo alikuwa kibarua wa mashamba ya mkonge na mtumishi wa nyumbani. Alichora kwa takriban miaka minne tu.

Anza na jina lake, kwa maana litakuchanganya. Kwako wewe, tingatinga ni ile mashine nzito inayosawazisha barabara. Hapa ni jina la mtu, Edward Saidi Tingatinga, na siku hizi ni jina la mtindo mzima wa uchoraji. Ni wasanii wachache sana duniani ambao majina yao yamegeuka kuwa nomino ya kawaida sokoni. Mtu hununua Tingatinga kama anavyonunua kikoi.

Alizaliwa mwaka wa 1932 katika wilaya ya Tunduru, kusini mwa Tanganyika, karibu na mpaka wa Msumbiji. Wazazi wake walikuwa wakulima wadogo, baba Mngindo na mama Mmakua. Majina yake mawili ya kwanza, moja la Kikristo na jingine la Kiislamu, yanaonyesha jinsi dini hizo mbili zilivyoishi pamoja upande huo wa nchi. Masomo yake hayakufika mbali. Katika maeneo ya kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji palikuwa na desturi ya kupamba kuta za nyumba za udongo kwa michoro ya wanyama na watu, na wataalamu kadhaa wameona kwamba chui wake wa baadaye ana undugu na michoro hiyo ya ukutani. Dai hilo lina mantiki. Mtoto aliyekua akitazama ukuta wenye picha hahitaji kufundishwa kwamba picha ni jambo la kila siku.

Katikati ya miaka ya 1950 aliondoka kwao kwenda Tanga, kwenye mashamba ya mkonge. Ukitaka kuielewa safari hiyo, wafikirie watu wa Kisii na Nyamira walioondoka enzi hizo hizo kwenda Kericho kuchuma chai kwenye mashamba ya walowezi. Sababu zilifanana: kodi, ardhi isiyotosheleza, na kijana anayetaka kuona pesa. Baadaye akaenda Dar es Salaam, alikokuwa na jamaa yake, akaajiriwa katika nyumba ya ofisa Mwingereza. Tanganyika ilipojipatia uhuru mwaka wa 1961, maofisa wa kikoloni wakarudi kwao na kazi za nyumbani kwao zikaisha. Tingatinga akabaki mjini akifanya kibarua hiki na kile. Usiharakishe kupita hapo. Miaka ile ya kubangaiza ndiyo iliyomzaa mchoraji, kwa maana mtu mwenye mshahara wa uhakika hahangaiki kutafuta kitu kipya cha kuuza.

Katika miaka ya 1960, picha zilizochorwa na wasanii wa Kongo zilikuwa zikiuzwa mitaani Dar es Salaam, na wageni walizinunua. Tingatinga aliziona akaamua kujaribu. Mwaka wa 1968 akaanza.

Sasa tazama vifaa vyake, maana hapo ndipo penye utamu. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii zinazouzwa katika vichupa vidogo vya bei ghali. Alichukua hadibodi, yale mabamba membamba ambayo mafundi seremala huyapigilia kwenye dari, akayakata vipande vya mraba vya takriban sentimita 60 kila upande. Rangi yake ilikuwa rangi ya mafuta ya kung'aa, ile ile inayopakwa baiskeli na milango. Rangi hiyo ina tabia zake. Ni nzito, haichanganyiki kwa urahisi kama rangi za maji, na ikishakauka hung'aa kama sahani iliyooshwa. Mchoraji anayeitumia hawezi kutengeneza kivuli laini au ukungu wa mbali. Anaweza kupaka bapa moja la rangi, kisha juu yake bapa jingine, kisha mstari, kisha nukta.

Na ndivyo alivyofanya. Alipaka usuli wa rangi moja, mweupe au manjano au buluu. Juu yake akamweka mnyama mmoja, mkubwa, akiwa ameupinda mwili wake ili apate kutosha kwenye mraba. Pengine akaongeza mti au ndege wawili. Kisha nukta. Chui wa Tingatinga ana madoa yaliyopangwa kwa subira kama shanga, na katikati ya madoa yale unakutana na jicho linalokutazama wewe. Hakuna upeo wa macho nyuma yake wala nyasi zinazopungua ukubwa kadiri zinavyokwenda mbali. Kuna chui tu, na anajua kwamba unamtazama.

Mwanafunzi wa fasihi atauliza: huu ni mtindo au ni ukosefu wa ujuzi? Swali ni zuri, na wapo wasomi wa sanaa waliozidharau picha hizi wakisema ni vitu vya kuwauzia watalii. Wana haki kwa kiasi fulani, kwa sababu wanunuzi wake wa kwanza walikuwa wageni hasa. Lakini kumbuka hurafa ulizosimuliwa na nyanya yako, iwe ni Bobasi, Bomachoge au Borabu. Je, msimulizi alieleza rangi ya nyasi alipopita Sungura? Alikuambia jinsi jua lilivyozama nyuma ya kilima? Hakufanya hivyo. Alikupa mnyama, tabia yake, na kisa. Mengine yote yalikatwa. Tingatinga alikata vivyo hivyo. Fisi wake haonyeshi uroho kwa kuvaa koti na kushika sahani. Anauonyesha kwa shingo iliyoinama na jicho lililochungulia pembeni. Ukiulizwa utoe mfano wa tashihisi nje ya maandishi, jicho lile litakufaa. Na ukiulizwa kuhusu chuku, tembo mwenye masikio makubwa kupita kiasi hatakuangusha.

Picha ziliuzwa nje ya maduka yaliyoitwa Morogoro Stores, katika mtaa wa Oyster Bay, walikoishi mabalozi na wataalamu wa kigeni. Mkewe, Agatha Mataka, waliyeoana mwaka wa 1970, alishiriki katika biashara hiyo. Bei zilikuwa ndogo. Hata hivyo kazi ilipendwa, na shirika la serikali lililoshughulikia sanaa likaanza kununua picha zake ili ziuzwe. Alikuwa pia ameajiriwa katika hospitali ya Muhimbili kama mhudumu wa wagonjwa. Alichora katika saa zilizobaki, baada ya zamu, siku za mapumziko. Nyumba yake ikajaa harufu ya rangi.

Wateja walipoongezeka, mikono miwili haikutosha. Hapo alifanya jambo ambalo naliona kubwa kuliko picha yoyote aliyochora. Aliwaita jamaa zake vijana akawafundisha: Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, January Linda, Kasper Tedo, na Simon Mpata. Hapakuwa na darasa wala ada. Kijana alikaa karibu naye, akatazama, akapewa kazi ya kujaza rangi, kisha nukta, hatimaye akapewa hadibodi yake mwenyewe.

Ukiwa Tabaka utayaona mafunzo ya namna hiyo leo hii. Mtoto hukaa kando ya mzazi anayechonga jiwe laini, mwanzoni akifanya kazi ya kulisugua kwa msasa na kuliosha, baadaye akipewa kisu. Hakuna anayejua vizuri ni siku gani mtoto huyo aligeuka kuwa fundi. Elkana Ong'esa, ambaye sanamu yake imesimama katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris, alitoka katika jamii ya wachongaji wa Tabaka kabla ya kwenda chuoni. Tingatinga hakuikuta jamii ya wachoraji kama hiyo Dar es Salaam. Ilibidi aiunde yeye mwenyewe kwa ndugu zake, na aliiunda kwa muda mfupi sana.

Mfupi kwa sababu mwaka wa 1972, akiwa ndani ya gari pamoja na wenzake jijini Dar es Salaam, polisi walilifukuza gari hilo wakidhani ni la wezi waliokuwa wakitoroka. Walifyatua risasi. Tingatinga alipigwa akafa. Alikuwa na umri wa miaka 40, na alimwachia Agatha watoto wawili wadogo. Mwanafunzi anayetafuta kinaya katika maisha halisi atakipata hapo kwa uchungu: mtu aliyewachora wanyama wakali wakiwa wapole aliuawa na watu waliokosea kumtambua.

Wanafunzi wake wangeweza kutawanyika. Mtindo wenyewe ulikuwa na umri wa miaka minne tu. Lakini walirudi Morogoro Stores, wakaendelea kuchora na kuuza, na wao pia wakawafundisha jamaa zao. Jina la mwalimu wakalifanya jina la kundi, na mwaka wa 1990 kundi likawa chama cha ushirika kilichosajiliwa. Mpata alielekea Nairobi, picha zake zikapendwa mno na Wajapani, na hoteli moja ya kitalii katika Maasai Mara, si mbali sana na kwenu, ina jina lake hadi sasa.

Lakini mtindo unaofundishwa kwa kuiga una tatizo lake. Chui wa mwalimu akichorwa na wanafunzi watano, na wanafunzi hao wakifundisha wengine ishirini, baada ya muda chui ni wa nani? Zikatokea picha zilizotiwa saini ya marehemu ambazo marehemu hakuzigusa. Huo ni ughushi, na hakuna namna ya kuupamba. Lakini kumchora chui kwa namna ya Tingatinga na kutia saini yako mwenyewe ni jambo jingine kabisa. Rudi kwenye fasihi simulizi. Fanani hamwibii aliyemtangulia anaposimulia upya kisa cha Fisi. Hubadilisha wimbo, huongeza mhusika, hufupisha mwisho ili hadhira isilale. Waliokuja baada ya Tingatinga walifanya vivyo hivyo. Usuli mtupu wa mwalimu wao waliujaza vijiji, masoko, wavuvi, hospitali, Mlima Kilimanjaro. Mnyama mmoja akawa wanyama thelathini. Si kila mabadiliko yalikuwa mazuri; picha nyingine zimesongamana hadi jicho halijui litue wapi, na ukiziona utamkumbuka yule chui mmoja aliyekuwa peke yake.

Ni kupitia wafuasi hao ndipo wanyama hawa walipoingia katika vitabu vya watoto. Mmoja wao ni John Kilaka, mzaliwa wa Sumbawanga, ambaye alikusanya hadithi za vijijini na kuzichorea picha. Vitabu vyake vilichapishwa kwanza Uswisi, kisha vikatafsiriwa katika lugha nyingine. Wanyama wa Kilaka wanatembea kwa miguu miwili na kuvaa mashati ya maua. Katika hadithi yake moja, Panya ndiye pekee anayejua kuwasha moto, na rafiki yake Tembo anamgeuka wakati wa njaa. Unaweza kumtambua mwalimu wa mwalimu wake katika rangi zilizopakwa bapa na katika macho yale makubwa, ingawa mashati ni ya Kilaka mwenyewe.

Mwaka wa 2010 kukatokea mfululizo wa vibonzo vya televisheni ulioitwa Tinga Tinga Tales, uliotengenezwa Nairobi na wasanii wa Afrika Mashariki na kuonyeshwa na BBC kwa watoto wa Uingereza. Kila kipindi kilieleza kwa nini mnyama fulani yuko kama alivyo, yaani kilikuwa hadithi ya usuli, utanzu uleule uliousoma katika fasihi simulizi. Wahusika walijongea na kuimba, lakini ngozi zao zilikuwa za nukta, na nyuma yao palikuwa na rangi tupu.

Unaposoma kitabu chenye picha, zoea kutafuta jina la mchoraji. Mara nyingi limeandikwa kwa herufi ndogo katika ukurasa wa haki za uchapishaji, chini ya anwani ya kampuni. Kisha uangalie kazi yake kama unavyoangalia lugha ya mwandishi: amechagua nini, ameacha nini, mhusika anatazama wapi. Jaribu kufanya hivyo kwa kuchora mnyama mmoja ndani ya mraba, ajae kabisa, bila kivuli na bila kitu nyuma yake, kisha umpe tabia kwa kutumia jicho na shingo pekee. Utagundua haraka kwamba nafasi ya mraba haimtoshi, na itakubidi uamue kumpinda wapi.

Agatha aliwalea watoto wao wawili. Mwana wao Daudi, ambaye hakuwa na nafasi ya kukaa kando ya baba yake akijaza nukta, alijifunza mtindo huo baadaye, naye akawa mchoraji.