Sokoine na Koti Lililotundikwa Kitini

  Leo nimeshika kalamu kuwasimulia maisha ya marehemu Edward Moringe Sokoine, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Tanzania mara mbili. Huenda mmoja wenu akauliza, sisi wa Chawia na Waziri Mkuu wa Tanzania ni wapi na wapi? Ngojeni kidogo, nitafika.

Mimi nilimjua Sokoine kwa sababu ya koti. Miaka michache iliyopita mama alidamka alfajiri, ukungu ungali umeufunika mlima, akateremka mjini kutafuta karatasi moja iliyohitajika ili niandikishwe mtihani. Katika ofisi aliyoelekezwa alikuta koti limetundikwa kitini, mwenyewe hayuko. Akaambiwa ametoka kidogo, atarudi sasa hivi. Hiyo sasa hivi ikafika saa kumi jioni. Siku ya pili, koti ni lile lile! Siku ya tatu ndipo alipohudumiwa, tena kwa dakika tano tu. Nauli ya siku tatu ilitoka kwenye pesa za madaftari yangu, nami muhula ule niliandika katika kurasa zilizobaki za madaftari ya mwaka uliopita. Babu alipopata habari alitikisa kichwa, akasema kwamba enzi za Sokoine koti lile lingemtafuta mwenyewe mbio. Babu alikuwa mchuuzi katika soko la Taveta, kwa hivyo mambo ya ng'ambo ya mpaka aliyajua. Basi nikaanza kuuliza na kusoma.

Sokoine alizaliwa tarehe 1 Agosti 1938 huko Monduli, Arusha, katika jamii ya Wamaasai. Masomo ya sekondari aliyapata Umbwe, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mlima ule ule ambao huonekana kutoka milima yetu ya Taita siku mbingu zikiwa safi. Mwaka 1961 alijiunga na chama cha TANU, na mwaka uliofuata akaenda Ujerumani Magharibi kusomea utawala. Aliporudi alifanywa afisa mtendaji wa wilaya ya Masai. Hapa nawaomba mtie alama. Kabla ya kuwa mkubwa Dar es Salaam, alikuwa ameketi katika ofisi ya wilaya, mahali ambapo mwananchi huja na shida yake mkononi. Mwaka 1965 alichaguliwa mbunge, 1967 akawa naibu waziri, na 1972 akawa Waziri wa Ulinzi. Mwezi wa Februari 1977 Rais Julius Nyerere alimteua Waziri Mkuu. Alikuwa na umri wa miaka 38 tu.

Mwaka huo haukuwa mzuri. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa. Babu aliyezoea kuvuka Holili kama anayekwenda kwa jirani akajikuta amekwama Taveta na mizigo yake. Kisha vikaja vita vya 1978 na 1979 dhidi ya Idi Amin, vilivyoikausha hazina ya Tanzania. Mwezi wa Novemba 1980 Sokoine alijiuzulu kwa sababu ya afya.

Alirudishwa kwenye cheo hicho Februari 1983, na hali ilikuwa mbaya kupindukia. Sabuni, sukari na mafuta ya kupikia vilikuwa adimu, na watu walipanga foleni kutwa nzima. Mashirika ya umma yalikaribia 400, na mengi yalikuwa yakila hasara. Serikali ilipanga bei ya chini, lakini bidhaa zenyewe zilikuwa chache. Kwa hivyo yeyote aliyeshika ufunguo wa ghala angeweza kuzipitisha mlango wa nyuma na kuziuza kwa bei ya ulanguzi. Mwananchi akifika mlango wa mbele anaambiwa, kwa upole kabisa, kwamba zimekwisha. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Mwezi wa Machi 1983 msako mkali ulianza dhidi ya walanguzi na waliohujumu uchumi. Watu zaidi ya elfu moja walikamatwa, wakiwemo wafanyabiashara na watumishi wa serikali. Waliokuwa wameficha bidhaa waliingiwa na kiwewe, wengine wakazitupa vichakani na mitoni usiku wa manane! Sokoine hakutaka kusikia kwamba fulani ni mkubwa. Kila aliyekabidhiwa mali ya umma alitakiwa kutoa hesabu yake. Ndiyo maana wananchi wa kawaida walimpenda.

Lakini msifikiri nimekuja kumpaka mafuta tu. Wengi walikamatwa kabla sheria yenyewe haijatungwa. Ilipotungwa, kesi zilipelekwa kwenye mahakama maalum ambako mshtakiwa hakuruhusiwa kuwa na wakili. Mwaka 1984 ilibidi sheria nyingine itungwe badala yake. Isitoshe, bidhaa hazikuongezeka kwa kukamata watu peke yake. Baadhi ya maduka yalizidi kuwa matupu kwa sababu wenyewe waliogopa kuuza. Nionavyo mimi, hofu humrudisha mtu kitini, lakini haimfundishi kazi.

Kwa bahati nzuri hatua nyingine zilichukuliwa. Mabasi ya shirika la umma yalipolemewa jijini Dar es Salaam, mwaka huo huo wa 1983 watu binafsi waliruhusiwa kubeba abiria kwa leseni. Nauli ilikuwa sarafu ya shilingi tano, iliyoitwa dala, na ndipo jina la daladala likazaliwa. Tena Novemba 1983 mpaka ukafunguliwa, babu akavuka Holili kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita.

Kizuri hakidumu. Tarehe 12 Aprili 1984, Sokoine akitoka bungeni Dodoma kuelekea Dar es Salaam, gari lake liligongana na jingine huko Dakawa, Morogoro. Aliaga dunia akiwa na umri wa miaka 45. Nyerere mwenyewe ndiye aliyeitangaza habari hiyo redioni, na nchi nzima ikalia. Alizikwa kwao Monduli. Chuo Kikuu cha kilimo kilichoko Morogoro kilipewa jina lake mwaka huo huo.

Hapa kwetu Kenya, mikataba ya utendaji kazi katika mashirika ya umma ilianza mwaka 2004, na vituo vya Huduma vikaanza 2013 ili mwananchi apate karatasi zake chini ya paa moja. Hayo ni mazuri, kwani utaratibu ulioandikwa hubaki hata mkali akiondoka. Hata hivyo mkataba hauwezi kumvua mtu koti. Anayelitundika ni mtu.

Na nyani haoni kundule. Muhula uliopita mimi nilikuwa kiranja wa bwalo. Siku za nyama marafiki zangu walikuwa wakipata vipande vinne, na mtoto mmoja, aliyekuwa nyuma kabisa ya foleni, akapata mchuzi mtupu. Alinitazama tu, hakusema kitu. Nilikuwa nikiisoma habari ya Sokoine juma lile lile, na nikajiona ndiye mwenye ufunguo wa ghala. Hakuna aliyenikamata. Juma lililofuata nilihesabu vipande mbele ya wote, nikaandika idadi ubaoni, nami nikawa wa mwisho kupakua. Marafiki wawili waliacha kunisalimia hadi shule ilipofungwa. Yule mtoto sasa ni mwanachama wa chama hiki, na huenda anasoma makala haya. Ndugu yangu, uniwie radhi.

Wenzangu, kesho keshokutwa baadhi yetu tutakaa nyuma ya meza hizo. Mama wa mtu atakuwa ameteremka kutoka Chawia na nauli ya kuokoteza. Asikute koti.