Rais Mwenye Miwani: Theodore Roosevelt na Darubini Zake Mbili katika Mbuga za Machakos

Darubini si kitu kigeni kwa watu wa pwani. Jina lenyewe limetujia kwa njia ya bahari, kutoka maneno mawili ya Kiajemi, moja la umbali na jingine la kuona. Nahodha aliishika akitafuta mlango wa bandari, na hadi leo wapo wanaoielekeza magharibi jioni ya tarehe 29 Shaabani, kuutafuta mwezi mwandamo. Lakini habari tunayoisimulia leo haikutokea baharini. Ilitokea bara, katika nyasi za Machakos, na mwenyewe alikuwa mtu ambaye tangu utotoni macho yake yalikuwa dhaifu.

Mtu huyo ni Theodore Roosevelt, Rais wa 26 wa Marekani. Alizaliwa mjini New York tarehe 27 Oktoba 1858, katika nyumba ya matajiri, lakini utajiri haukumpa afya. Pumu ilimsumbua usiku hata akawa hapati pumzi, na mara nyingi baba yake alimpakata mpaka kukacha. Mtoto asiyeweza kukimbia na wenzake akageukia vitabu na wadudu. Alikusanya ndege waliokufa, panya na mafuvu, akayapanga chumbani na kupaita mahali hapo makumbusho.

Alipokuwa na umri wa miaka kama 13 alipewa bunduki yake ya kwanza. Hapo ndipo siri ilipofichuka. Wenzake walimwona ndege mtini, wakampiga. Yeye hakuona ndege wala tawi. Siku moja wenzake walisoma maandishi makubwa ya tangazo lililokuwa mbali, naye akatambua kuwa hata herufi hazioni. Baba yake akamnunulia miwani, na alipoivaa dunia ikawa nyingine. Majani ya mti yalitengana moja moja, na ndege wakapata rangi. Majira hayo ya baridi, mwishoni mwa mwaka 1872, familia ilisafiri hadi Misri, na huko juu ya Mto Naili kijana huyo aliwatazama ndege wa Afrika kwa macho yake mapya. Tangu hapo hakuacha tena kutazama.

Maisha yake ya utu uzima yalijaa misukosuko. Tarehe 14 Februari 1884 mama yake na mke wake walifariki siku moja, katika nyumba moja. Kwa majonzi hayo aliukimbia mji, akaenda kuchunga ng'ombe katika nyika za Dakota. Wachungaji wa huko walimcheka mtu wa mjini aliyevaa miwani, wakampa jina la macho manne. Mlevi mmoja mwenye bastola alipozidisha dhihaka hiyo hotelini, alijikuta sakafuni kwa ngumi. Mwaka 1898, alipokwenda kupigana vita vya Cuba, Roosevelt alichukua miwani nyingi za akiba na kuzificha katika kofia na nguo zake. Alijua kwamba risasi ikimkosa yeye na kuvunja miwani, ni sawa na kuwa imempata.

Mwaka 1901 Rais McKinley aliuawa, na Roosevelt, akiwa makamu wake, akashika madaraka kabla hajatimiza miaka 43. Mwaka 1906 alipata Tuzo ya Nobel ya Amani kwa kuwapatanisha Warusi na Wajapani. Alitenga misitu mikubwa na hifadhi 51 za ndege, ya kwanza ikiwa kisiwa cha Pelican, Florida, mwaka 1903. Lakini katika Ikulu hiyo hiyo alipatwa na jambo alilolificha miaka mingi. Alipenda kupigana ngumi kwa mazoezi, na siku moja kapteni kijana wa jeshi alimpiga karibu na jicho la kushoto. Nuru ya jicho hilo ikafifia, na baadaye ikazimika kabisa. Hakulisema jambo hilo wakati ule, wala hakumtaja aliyempiga, asije kijana wa watu akasononeka.

Huyo ndiye mtu aliyeshuka Mombasa tarehe 21 Aprili 1909, mvua ikinyesha, kutoka meli ya Kijerumani iliyoitwa Admiral. Alikuwa ametoka madarakani wiki chache tu. Alifuatana na mwanawe Kermit na wataalamu watatu wa wanyama, kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian ya Washington. Wakubwa wa serikali ya kikoloni walimkaribisha kwa karamu katika klabu yao jirani na Ngome ya Yesu. Kesho yake akapanda gari moshi kwenda bara. Hakutaka kukaa behewani. Alikaa kwenye kiti kilichofungwa mbele ya injini yenyewe, ili asipitwe na mnyama wala ndege.

Katika mizigo yake mlikuwamo vyombo viwili vya kuonea mbali. Cha kwanza ni darubini ya macho mawili, ya namna iliyotumiwa na jeshi la Marekani. Cha pili ni darubini ya bomba moja, aliyopewa zawadi melini na kapteni mmoja wa Ireland aliyetumikia jeshi la farasi huko India. Kila kimoja kilikuwa na kazi yake. Darubini ya jeshi ni ya haraka: unaiinua, unatazama, unaishusha, safari inaendelea. Ile ya bomba aliichukua hasa kwa kuchunguza mwenendo wa wanyama, kazi inayotaka kukaa chini, kuegemeza mkono gotini na kusubiri.

Hapa inafaa tulieleze umbo la vyombo hivi, maana uzuri wake unatokana na kazi yake. Zama hizo darubini za macho mawili zilikuwa za namna mbili. Ya kale ilikuwa mabomba mawili mafupi yaliyonyooka, ya shaba, yamevishwa ngozi nyeusi, na katikati pana gurudumu dogo la kurekebishia. Ilipendeza mkononi kama kitu cha sonara, lakini ilikuza mara tatu hadi tano tu, na uwanja wake wa kuonea ulikuwa mwembamba, kama kuchungulia tundu la ufunguo. Ukitaka kukuza zaidi kwa lenzi za namna nyingine, picha ilipinduka juu chini, na bomba lilipaswa kurefushwa hata chombo hakibebeki shingoni.

Ya pili ilikuwa mpya. Mwitalia Ignazio Porro alikuwa amegundua mwaka 1854 kwamba vipande vya kioo vya pembe tatu, viitwavyo prizimu, vinaweza kuupinda mwanga na kuurudisha huku na huku, hata picha iliyopinduka ikasimama wima na njia ndefu ikaingia katika kikasha kifupi. Ilichukua miaka 40 kupata kioo safi cha kutosha. Profesa Ernst Abbe na kiwanda cha Zeiss, mjini Jena, Ujerumani, walianza kuziuza darubini za namna hiyo mwaka 1894. Ndipo likazaliwa umbo tunalolijua sote: mabega mawili yaliyotokeza nje na kiuno chembamba kwa juu. Mabega hayo hayakuwekwa kwa mapambo. Ndani yake ndimo prizimu zinamokaa. Na kwa kuwa lenzi za mbele zimetengana kuliko macho ya binadamu, mtazamaji huona wazi zaidi kipi kiko mbele na kipi kiko nyuma.

Lakini faida hiyo ya mwisho inahitaji macho mawili mazima. Mtu ambaye jicho lake moja limefifia hawezi kuonja utamu wake wote. Kwa mtu kama huyo bomba moja halina upungufu mkubwa, nalo hukuza zaidi. Zawadi ya yule kapteni wa Ireland ilikuwa imempata mwenyewe.

Gari moshi lilimshusha katika kituo cha Kapiti, mwendo si mrefu kutoka mji wa Machakos, unaoitwa hivyo kwa jina la Masaku, mzee mashuhuri wa Wakamba. Kutoka hapo alikwenda kukaa Kitanga, katika shamba la Mwingereza Sir Alfred Pease. Mbele yake palikuwa na uwanda wa nyasi usio na mwisho: nyumbu, pundamilia, kongoni, swala na twiga, wote katika tazamo moja. Asubuhi, hewa ikiwa baridi, darubini huleta kila unywele. Ikifika adhuhuri ardhi hutoa mazigazi, wanyama wakaonekana kama wanaogelea, na chombo kinachokuza sana hukuza pia huo mtetemeko. Huko ndiko alikowapata simba wake wa kwanza.

Lakini safari ile haikutegemea vioo peke yake. Palikuwa na wapagazi zaidi ya 200, na wabeba bunduki ambao macho yao yalizoea nyika. Mbeba bunduki wa kwanza wa Kermit alikuwa Juma Yohari, Mswahili Mwislamu, ambaye Roosevelt alimsifu katika kitabu chake kwa uchangamfu na uaminifu. Roosevelt mwenyewe alikiri kwamba hakuwa mpiga shabaha hodari. Tunapotaja ushujaa wa wawindaji wakubwa, ni haki tuwakumbuke na hawa, ambao hawakupigwa picha nyingi wala kujengewa sanamu.

Safari iliendelea hadi Naivasha, Mlima Kenya, Uganda na Kongo, ikamalizika Khartoum mwezi Machi 1910. Baba na mwana walikuwa wameua wanyama wakubwa 512: Roosevelt 296, Kermit 216. Pamoja na ndege, panya, samaki na mimea, makumbusho yalipokea vitu zaidi ya 11,000. Wataalamu wanavitumia mpaka leo. Hata hivyo hesabu hiyo ya wanyama inashtua. Mtu aliyetenga hifadhi 51 za ndege kwao alikuja kwetu na bunduki. Zama zile wengi hawakuona kinyume katika jambo hilo, maana mara nyingi mwindaji na mtaalamu walikuwa mtu mmoja.

Tena lipo jambo ambalo darubini zake hazikumwonyesha. Vilima vya Mua, vinavyoonekana vizuri kutoka uwanda ule, vilikuwa vinachukuliwa na walowezi kutoka mikononi mwa Wakamba. Roosevelt aliitazama nchi hiyo akaona makao mema ya wazungu. Alikuwa mtu wa wakati wake, akiamini kwamba mwafrika hana budi kuongozwa na wengine. Jicho linaweza kumtambua ndege umbali wa nusu maili lisimwone jirani aliye karibu. Dosari ya namna hiyo hairekebishwi na gurudumu la darubini.

Aliporudi kwao alijaribu tena kuwania urais. Tarehe 14 Oktoba 1912, mjini Milwaukee, mtu mmoja alimpiga risasi kifuani. Risasi ilipita katika hotuba ya kurasa 50 iliyokunjwa mfukoni, na katika kasha la chuma la miwani yake, ikapungua nguvu. Alihutubia zaidi ya saa nzima, damu ikimtoka, ndipo akakubali kwenda hospitali. Hivyo miwani aliyochekewa Dakota ndiyo, kwa majaliwa ya Mungu, iliyosaidia kuyaokoa maisha yake. Alifariki usingizini nyumbani kwake Oyster Bay tarehe 6 Januari 1919, akiwa na miaka 60.

Darubini nazo zimeendelea na safari yao. Wajerumani walitoa pia zile zenye prizimu zilizopangwa kwa namna nyingine, hata mabega yakatoweka na mabomba yakanyooka tena. Ukiitazama kwa mbali utadhani ni ile ya kale ya shaba imerudi, lakini ndani mna kazi ya fundi stadi. Ngozi imeachia nafasi mpira, kwa kuwa mpira haudhuriki upesi na mvua wala jasho. Lenzi hupakwa utando mwembamba sana unaozuia mwanga kupotea, ndiyo sababu kioo cha leo hung'aa rangi ya zambarau au kijani ukikigeuza juani. Wapo wanaoipenda mpya kwa wepesi wake, na wapo wasioiacha ya mabega, wakisema kuwa ndiyo hasa darubini. Kipya kinyemi, lakini cha kale nacho kina heshima yake.

Uwanda wa Kapiti bado upo Machakos, na sehemu yake ni shamba kubwa la utafiti wa mifugo, ambamo ng'ombe hulisha pamoja na wanyama wa porini. Mwaka 1977 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji. Basi katika vyombo vyote alivyobeba Roosevelt mwaka 1909, bunduki ndiyo iliyoondolewa nyikani, na darubini ndiyo iliyobaki. Nayo haihitaji risasi wala chumvi ya kukaushia ngozi. Aliyeishika hutazama mpaka akatosheka, akaondoka, na mnyama akabaki hai kwa atakayekuja kesho. Macho hayana pazia, walisema wazee wetu. Lakini mtoto wa leo anayesimama Kapiti akamtazama twiga kwa darubini ya kuazima, ameona kwa furaha ile ile ya yule kijana aliyevaa miwani kwa mara ya kwanza, bila mtu wala mnyama kupoteza chochote.