Luther Burbank, mlezi wa miche aliyeuza kiazi chake kwa dola 150

Mpenzi msikilizaji, ukiwa na kitalu cha nyanya au cha maua nyuma ya nyumba, unajua kwamba mche una siku mbili ngumu: siku ya kuchomoza na siku ya kuhamishwa. Leo tunamkumbuka mtu aliyeishi kwa kazi hiyo.

Luther Burbank alizaliwa tarehe 7 Machi 1849 huko Massachusetts, Marekani. Kule msimu wa baridi ni wa theluji, na hata majira ya kuchipua yanapofika, usiku mmoja wa baridi kali unaweza kuua bustani nzima. Kwa hiyo mkulima huanzisha mbegu ndani, penye joto, akisubiri udongo wa nje upate moto. Burbank, akiwa kijana muuza mboga, alichipusha mahindi kwenye mchanganyiko wenye joto wa samadi na majani yaliyooza kabla ya kuyapeleka shambani. Mahindi yake yakawahi sokoni, na anayewahi hupata bei.

Mwanzoni mwa miaka ya 1870 aliona tunda la mbegu kwenye mmea wa kiazi, jambo la nadra kwa aina ile. Ndani yake mlikuwa na mbegu 23. Alizipanda zote, na mche mmoja ukazaa viazi bora kuliko vyote alivyowahi kuviona. Haki ya kiazi hicho aliiuza kwa dola 150. Wakati ule hapakuwa na sheria ya kulinda aina mpya ya mmea, hivyo wengine walitajirika nacho. Yeye alisafiri mwaka 1875 hadi Santa Rosa, California, akiwa na viazi kumi tu vya mbegu yake.

Mwaka 1881 tajiri mmoja alitaka miche 20,000 ya plamu kabla mwaka haujaisha. Wenye vitalu waliona haiwezekani. Burbank alichipusha lozi, ambazo huota upesi, kwenye mchanga mnyevu uliofunikwa magunia. Zilipochomoza alizihamishia kitaluni, kisha akazibebesha plamu. Kufikia Desemba karibu miche yote ilikuwa tayari.

Mwaka 1889 alijenga nyumba ya vioo. Humo mbegu za maua ziliota kwenye masanduku ya mbao yenye kina kifupi. Mche uliotoka ndani ni laini, haujui jua wala upepo. Ukiutoa ghafla, majani huungua. Hutolewa kwanza kivulini kwa saa chache, kila siku ukizidishiwa muda, na baada ya wiki moja hivi hupandwa jioni au siku ya mawingu.

Kwa njia hiyo alipata daisi ya Shasta, ua jeupe lenye moyo wa njano. Alianza na daisi ya mwituni, ambayo wakulima waliiona magugu, akaichavusha na nyingine za Ulaya, mwishowe na ya Japani. Kazi ilichukua takribani miaka 17, hadi 1901. Katika maelfu ya miche aliteua michache, na mingine akaichoma moto.

Lakini alikuwa na udhaifu. Mwaka 1905 taasisi ya Carnegie ilianza kumpa dola 10,000 kwa mwaka ili kazi yake iandikwe kisayansi. Burbank aliamini jicho lake kuliko daftari, kumbukumbu zikawa haba, na baada ya miaka michache fedha zikasitishwa. Mengi aliyoyajua yalizikwa naye.

Alifariki tarehe 11 Aprili 1926 na kuzikwa nyumbani kwake Santa Rosa, chini ya mwerezi, akiwa ametoa aina mpya za mimea zaidi ya 800. Sheria ya kulinda wavumbuzi wa mimea Marekani ilipitishwa mwaka 1930, miaka minne baada yake.

Basi msikilizaji, ukisia mbegu msimu huu, andika tarehe. Daftari la shilingi chache lingemfaa hata Burbank.