Krapf, Zeus na Ngai wa Kirinyaga

Hapa Kianjokoma, ambako mashamba ya majani chai yanapakana na msitu wa Mlima Kenya, wanafunzi wangu huniuliza swali ambalo vitabu vingi vya kiada hulipita kando. Wakisoma ngano za Wayunani wa kale, hukuta Zeus akihesabiwa miongoni mwa miungu ya kubuni. Wakisoma juu ya dini ya wahenga wao, humkuta Ngai, na jina lilo hilo hulisikia kanisani siku ya Jumapili. Je, muumini wa Mungu mmoja ana haki gani ya kumkataa Zeus na kumkubali Ngai? Huo si upendeleo mtupu? Kwa maoni yangu, sehemu ya jibu imo katika maisha ya mtu ambaye shule zetu humkumbuka kwa ajili ya mlima tu, yaani Johann Ludwig Krapf.

Krapf alizaliwa mwaka 1810 huko Derendingen, karibu na Tübingen, Ujerumani, akiwa mwana wa mkulima. Alisomea umisionari Basel, Uswisi, na mwaka 1837 akafika Uhabeshi akitumwa na shirika la Kianglikana la CMS. Njia ya huko ilipofungwa, aligeukia pwani yetu, akafika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe, Rosine. Mwezi Julai mwaka huo huo Rosine alifariki, na binti yao mchanga akamfuata kaburini. Wengi wangalirudi kwao. Krapf alibaki, akaendelea na kazi aliyokuwa amekwisha kuianza ya kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na mwanachuoni Mwislamu aliyekuwa kadhi wa Mombasa.

Ni katika kazi hiyo ndipo alipolazimika kuamua jambo zito. Amwite nani yeye aliyeziumba mbingu na nchi? Angaliweza kuleta neno la Kijerumani au la Kilatini, akawafundisha watu kulitamka. Hakufanya hivyo. Alichukua jina Mungu, neno la Kibantu lililokwisha kutumiwa na Waislamu wa pwani kwa Mwenyezi Mungu, na ambalo ndugu yake, Mulungu, alijulikana bara kwa karne nyingi. Sura za kwanza za tafsiri hiyo zilichapishwa Marekani mwaka 1847. Sarufi yake ya Kiswahili ilitoka mwaka 1850, na kamusi yake kubwa mwaka 1882, yeye akiwa amekwisha kufa.

Mwaka 1849 alisafiri hadi Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa pembe za ndovu. Huko alikutana na mtu wa Uembu, Rumu wa Kikandi, aliyemweleza habari za mlima wenye baridi kali na kitu cheupe kinachoporomoka kwa kishindo. Tarehe 3 Desemba Krapf aliuona mlima huo kwa macho yake, na jina alilolisikia kwa wenyeji ndilo lililozaa jina la nchi yetu. Wataalamu wa jiografia huko London walimkejeli, wasisadiki kuwa theluji yaweza kukaa karibu na Ikweta. Aliporudi Ukambani mwaka 1851, Kivoi aliuawa na wanyang'anyi karibu na Mto Tana. Krapf alitoroka peke yake, akibeba maji ndani ya mtutu wa bunduki, hata akafika kwa watu hoi kwa njaa.

Sitaki kumpamba kupita kiasi. Hakuwa na subira na matambiko ya Wamijikenda, na aghalabu aliona giza mahali ambapo mwenye kukaa kitako na kusikiliza angaliona ibada. Afya ilimwondoa Rabai mwaka 1853. Alifariki Korntal, Ujerumani, mwezi Novemba mwaka 1881, akakutwa amepiga magoti kando ya kitanda chake. Lakini uamuzi wake juu ya jina ulikuwa na busara kuliko hukumu zake juu ya watu. Shirika lilelile la CMS lilipofungua kituo Kigari, hapa Uembu, mwaka 1910, waumini hawakuhitaji kufundishwa jina jipya. Walimwita Ngai.

Sasa turudi kwa Zeus. Kitabu cha Matendo ya Mitume kinasimulia jinsi watu wa Listra walivyomdhania Barnaba kuwa Zeus na Paulo kuwa Herme. Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili hawakumgeuza Zeus kuwa Mungu. Walimwacha na jina lake, wakaandika Zeu. Kwa nini? Kwa sababu Zeus ana baba, Kronos, ambaye alimpindua. Ana ndugu aliogawana nao ulimwengu kwa kura: yeye mbingu, Poseidon bahari, Hades kuzimu. Mwenye kuzaliwa ana mwanzo, na aliyepewa fungu la ulimwengu aliukuta ulimwengu upo. Kwa hiyo Mwislamu, Mkristo au Myahudi anapomkataa Zeus, hachagui mshindani mmoja dhidi ya mwingine. Anasema kwamba hata kama Zeus angalikuwako, angalikuwa kiumbe kama sisi.

Ngai wa wazee wa Uembu hakusimuliwa hivyo. Katika hadithi ya Mwenendega, mhenga wa Waembu aliyepata mke karibu na Runyenjes ya leo, Ngai ndiye mtoaji. Hasimuliwi kuzaliwa, wala kunyang'anya kiti cha baba yake. Kirinyaga ni makao yake, na wazee waliielekea katika maombi bila kuuabudu mwamba wenyewe.

Okot p'Bitek, mshairi na mwanazuoni wa Uganda aliyefariki mwaka 1982, angalinipinga. Aliwalaumu wasomi wa Kiafrika kwa kuwavika miungu ya mababu mavazi ya Kiyunani ili wapendeze mbele ya wageni. Onyo hilo ni la haki. Hatuna ruhusa ya kumtia Ngai kinywani mafundisho ambayo wazee hawakuyafundisha. Tena majina husafiri: Ngai ni neno lenye asili ya Kimaasai, linalohusiana na mbingu na mvua, na hata Deus ya Kilatini ina mzizi mmoja na Zeus. Basi jina peke yake halithibitishi kitu. Kinachopimwa ni kile kinachosimuliwa na kuombwa chini ya jina hilo.

Ndiyo maana nawasihi walimu wenzangu wasiwaache wanafunzi waondoke darasani wakidhani kwamba nyanya zao walikuwa waabudu sanamu, wala kwamba dini zote ni hadithi za aina moja. Wapeni kipimo, kisha waacheni wapime wenyewe. Wimbo wetu wa taifa, tunaouimba tangu mwaka 1963, huanza kwa kumwita Mungu kwa jina lile alilolichagua Krapf Mombasa. Mtoto anayeuimba asubuhi uwanjani anastahili kujua kwamba jina hilo halikuletwa kwa meli.