Malpighi, daktari aliyevua mti gome

Ukitafuna muwa, umewahi kujiuliza huo utamu ulifikaje huko ndani? Sukari hutengenezwa kwenye majani, huko juu, na mizizi nayo inataka kula. Msee aliyetuonyesha njia inayopitia alikuwa daktari Mwitaliano, Marcello Malpighi.

Alizaliwa 1628 karibu na Bologna. Alipofika miaka 21 wazazi wake walifariki, ikabidi aache masomo kwanza ashughulikie familia. (Mimi nilipoacha chuo sikuwa na sababu nzito hivyo, tuyaache hayo.) Yeye alirudi, na 1653 akahitimu udaktari.

Mwaka wa 1661, akichungulia mapafu ya chura kwa hadubini, aliona vijishipa vinavyounganisha ateri na vena. Ungedhani wenzake wangemshangilia. Wapi! Baadhi ya walimu wa Bologna walimkejeli, ati kuchungulia wadudu na mimea hakuponyi mgonjwa.

Basi sikia alichofanyia miti. Alichukua kisu akavua gome, pete nzima kuzunguka shina, mbao ya ndani akaiacha. Halafu akangoja. Majani hayakunyauka, manake maji hupanda kwa mbao. Lakini gome la juu ya pete lilivimba, la chini likabaki vile vile. Wewe fikiria polisi wamefunga Thika Road pale Roysambu: magari hurundikana upande yanakotoka. Malpighi akaelewa kuwa chakula kinachopikwa na majani hushuka kupitia gome. Ndiyo maana mti uliochunwa gome mzunguko mzima hufa polepole: mizizi inakufa njaa.

Kazi yake kuhusu mimea ilichapishwa na Royal Society ya London, 1675 na 1679. Bahati nzuri, kwa sababu 1684 nyumba yake iliungua, hadubini na maandishi yakateketea. Miaka mitano baadaye watu waliovaa vinyago, wakiwemo walimu wenzake, walivamia nyumba yake ya shambani. Mzee wa miaka 61, bana!

Mnamo 1691 Papa Innocent XII alimwita Roma awe daktari wake, na huko ndiko alikofia 1694. Swali la kinachosukuma huo utamu lilingoja hadi 1930, Mjerumani Ernst Münch alipoeleza kuwa sukari ikijaa kwenye mirija ya majani huvuta maji, na presha hiyo ndiyo huipeleka mizizini.