Fred T. Jane: Mchezo wa mezani na kitabu cha manowari

JINA la Jane ni mashuhuri miongoni mwa wanajeshi wa mataifa mengi. Vitabu vinavyobeba jina hilo huorodhesha meli za kivita, ndege na silaha za dunia nzima. Lakini ni wachache wanaofahamu kwamba mwasisi wake, Mwingereza Fred T. Jane, alijipatia riziki kwa kuchorea magazeti, na kwamba kitabu chake cha kwanza cha manowari kilikuwa ndugu wa mchezo wa mezani.

Jane alizaliwa mwaka wa 1865 huko Richmond, Surrey, akiwa mtoto wa kasisi. Tangu ujana alipenda kuchora manowari, akihesabu dohani, milingoti na mizinga, na kuzihifadhi picha hizo pamoja na maelezo yake.

Mwaka wa 1898 alitoa vyote viwili: kitabu cha manowari za dunia, na mchezo wa vita vya baharini. Katika mchezo huo kila meli ilikuwa na kadi yenye mchoro wake uliogawanywa kwa miraba. Mchezaji hakurusha dadu. Alishika kijiti chenye kichwa bapa na pini, akaupiga nacho mchoro wa meli ya adui, na kwa kuwa pini haikukaa katikati, kulenga kulihitaji ustadi. Kisha palitazamwa tundu lilipoingia. Jane aliipa mizinga herufi kulingana na nguvu ya kutoboa, na deraya herufi kulingana na uimara wake. Kombora hafifu lililoangukia chuma kinene halikudhuru kitu.

Hapo ndipo ulipo werevu wake, kwa maoni yetu. Unene wa chuma ukiandikwa kimakosa, meli ambayo ingezama itaendelea kupigana, na afisa anayecheza atajifunza uongo utakaomponza vitani. Takwimu sahihi zilikuwa uhai wa mchezo wenyewe.

Katika toleo la mwaka wa 1903 Jane alichapisha makala ya mhandisi Mwitaliano, Vittorio Cuniberti, aliyependekeza manowari yenye mizinga mikubwa mitupu. Mwaka wa 1906 Uingereza ilishusha majini Dreadnought, meli ya aina hiyo, yenye mizinga kumi ya inchi 12. Mwaka uo huo Jane aliwania kiti cha ubunge Portsmouth, akashindwa.

Hata hivyo, vipimo havisemi yote. Mnamo Septemba 20, 1914, hapa kwetu pwani, meli ya Kijerumani Königsberg iliishambulia Pegasus ya Waingereza iliyotia nanga Zanzibar ikifanyiwa matengenezo. Mizinga ya pande zote mbili ilikuwa na kipenyo cha takriban inchi nne, lakini ile ya Wajerumani ilifika mbali zaidi. Pegasus ilizama.

Jane aliaga dunia Machi 1916 mjini Portsmouth. Mnamo Mei 31 mwaka huo, katika vita vya Jutland, manowari tatu kubwa za Uingereza, Indefatigable, Queen Mary na Invincible, zililipuka na kuua zaidi ya watu 3,000. Deraya yao nyembamba ilikuwa imeandikwa vitabuni. Ambalo halikuandikwa katika kadi yoyote ni kwamba mabaharia, wakitaka kufyatua upesi, walikuwa na mazoea ya kurundika baruti karibu na mizinga na kuiacha wazi milango ya maghala yake.