Rocky Marciano: Bingwa aliyefariki kabla ya kuona pambano lake la mwisho

Keti kwenye baraza lolote la kahawa hapa Pwani, kuanzia Mji wa Kale hadi Lamu, na ukitaja ndondi tu, jioni imekwisha. Mike Tyson wa 1988 angesimama raundi ngapi mbele ya Muhammad Ali wa 1967? Joe Louis angemweza George Foreman? Wazee humtetea Ali, maana wanakumbuka usiku wa Kinshasa mwaka 1974. Vijana humtetea Tyson kwa sababu ya zile kanda zake za raundi moja. Kahawa huisha kwenye buli, mjadala hauishi.

Bondia mmoja wa zamani mjadala huu ulimtoa nyumbani, ukampunguza kilo zaidi ya 20, ukamvisha nywele za bandia na kumrudisha ulingoni akiwa na miaka 45. Jina lake ni Rocky Marciano. Wengi wetu tunamjua kwa tarakimu moja tu: mapambano 49, ushindi 49. Maisha yake yana mafunzo kuliko hiyo tarakimu, hasa kwetu sisi tunaopenda kuwagombanisha marehemu.

Alizaliwa Septemba 1, 1923, katika mji wa Brockton, jimbo la Massachusetts, Marekani, na akapewa jina Rocco Francis Marchegiano. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Italia. Brockton ulikuwa mji wa viatu, na baba yake, Pierino, alifanya kazi kiwandani humo akiwa na afya mbovu, kwani alivuta gesi ya sumu katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mtoto mwenyewe nusura afe kwa nimonia kabla ya kutimiza miaka miwili. Alipokua aliacha shule, akafanya vibarua, na akaapa kwamba hatamalizia maisha yake kiwandani kama baba yake.

Ndoto yake ya kwanza haikuwa ndondi. Alitaka kucheza besiboli. Baada ya kutumikia jeshi wakati wa Vita vya Pili, mwaka 1947 alijaribiwa na klabu ya Chicago Cubs, akaambiwa arudi nyumbani. Mwaka huo huo, mwezi Machi, alikuwa amepigana pambano moja la kulipwa katika mji wa Holyoke kwa jina la bandia, Rocky Mack, ili asipoteze hadhi yake ya uanagenzi. Besiboli ilipomkataa ndipo akajitoa mzima mzima kwa ndondi, kuanzia 1948.

Kocha Charley Goldman alipomwona mara ya kwanza hakuona bingwa. Aliona kijana mfupi, mzito wa miguu, asiyejua kusimama na mwenye mikono mifupi kuliko karibu kila mpinzani wa uzani wake. Marciano alikuwa na urefu wa kama sentimita 179 na kilo zipatazo 84. Leo uzani huo haungemruhusu hata kuitwa bondia wa uzani mzito; angewekwa daraja la chini yake, la cruiserweight, ambalo kikomo chake ni kilo 90 na ushei. Goldman, mzee mdogo wa umbo aliyewahi kupigana mwenyewe, hakujaribu kumgeuza awe bondia mrefu. Alimfundisha kuinama zaidi, kuingia chini ya makonde ya adui na kupiga kutoka huko chini. Konde la kulia alilokuja nalo hakuligusa.

Vingine Marciano alivifanya mwenyewe. Alikimbia maili nyingi kila siku, alijifungia kambini kwa wiki nyingi mbali na mke wake, na alipiga gunia hadi waliomtazama wakachoka. Hakuwa na madaha ulingoni. Alikuwa akipigwa makonde matatu ili apige moja, na hilo moja mara nyingi lilitosha. Kati ya ushindi wake 49, mara 43 mpinzani hakumaliza pambano.

Nguvu hiyo ilikuwa na gharama. Usiku wa Desemba 30, 1949, ukumbini Madison Square Garden jijini New York, alimwangusha kijana aitwaye Carmine Vingo. Vingo alipoteza fahamu, akapelekwa hospitalini kati ya uhai na kifo, na ingawa aliponea, hakupigana tena. Marciano alisaidia kulipa gharama za matibabu, na mwaka uliofuata Vingo alikuwa mmoja wa wageni harusini kwake. Sisi Wakenya tunaelewa uzito wa habari kama hii. Robert Wangila, aliyetuletea dhahabu ya Olimpiki kutoka Seoul mwaka 1988, alifariki 1994 kwa majeraha ya pambano huko Las Vegas.

Oktoba 26, 1951, Marciano alikutana na mtu aliyekuwa shujaa wake tangu utotoni, Joe Louis. Hapo tunaanza kuona ugumu wa kulinganisha mabondia wa enzi mbili. Louis aliyepanda ulingoni usiku ule hakuwa yule aliyeshikilia taji kwa karibu miaka 12. Alikuwa na miaka 37, nywele zimeanza kumtoka, na alikuwa amerudi kupigana kwa sababu ya deni kubwa la kodi. Katika raundi ya nane Marciano alimtupa nje ya kamba. Baada ya pambano alikwenda chumbani kwa Louis akalia machozi. Kwenye kumbukumbu umeandikwa ushindi. Machozi hayana safu yake.

Taji lilipatikana Septemba 23, 1952, Philadelphia, dhidi ya Jersey Joe Walcott. Raundi ya kwanza tu Marciano aliangushwa, mara ya kwanza katika maisha yake ya ndondi. Kufikia raundi ya 13, majaji wote watatu walikuwa wamempa Walcott uongozi. Katika sheria za leo za raundi 12, Walcott angerudi nyumbani na mkanda wake, na hakuna mtu angekuwa anataja 49 kwa sifuri. Lakini mapambano ya ubingwa siku hizo yalikuwa ya raundi 15, na katika ile ya 13 konde fupi la kulia lilimkuta Walcott akiegemea kamba. Aliteremka taratibu, mkono mmoja ukining'inia kwenye kamba, na hakuamka kwa wakati.

Alitetea taji mara sita. Walcott aliporudi mwaka 1953 hakumaliza raundi ya kwanza. Ezzard Charles alimpa kazi ngumu kuliko wote mwaka 1954: pambano la kwanza lilifika raundi ya 15, na katika la pili pua ya Marciano ilipasuka vibaya hadi ikawa wazi kwamba refa angeweza kusimamisha mchezo wakati wowote. Marciano alimwangusha Charles katika raundi ya nane kabla refa hajafika huko. Pambano la mwisho lilikuwa Septemba 21, 1955, uwanjani Yankee Stadium, dhidi ya Archie Moore. Aliangushwa raundi ya pili, akaamka, na akammaliza Moore katika ya tisa.

Aprili 1956, akiwa na miaka 32, alitangaza kustaafu. Mgongo ulimsumbua, alitaka kukaa na mke wake Barbara na binti yao, na alikuwa amechoshwa na meneja wake Al Weill, aliyechukua nusu ya mapato yake. Mwaka 1959 alijaribu mazoezi kwa siri akifikiria kurudi, akaona mwili haukubali, akaacha. Hapo ndipo alipowashinda mabingwa wengi. Louis hakujua wakati wa kuondoka, na Ali pia hakuja kuujua.

Sasa tuje kwenye kompyuta. Mwaka 1967 mtayarishaji wa vipindi vya redio wa Miami, Murray Woroner, alibuni mashindano ya mabingwa 16 wa uzani mzito wa nyakati zote. Waandishi na wataalamu wa ndondi waliulizwa maoni yao kuhusu kasi, nguvu, moyo, uwezo wa kustahimili konde na mengineyo, majibu yakaingizwa kwenye kompyuta ya NCR 315, na mashine ikatoa mapambano raundi kwa raundi. Watangazaji wakayasoma redioni kana kwamba wako kando ya ulingo. Katika fainali Marciano alimshinda Jack Dempsey.

Muhammad Ali je? Mashine ilisema alishindwa na James Jeffries. Ali, ambaye mwaka huo huo alinyang'anywa taji kwa kukataa kuingia jeshini wakati wa vita vya Vietnam, alikasirika akashtaki akidai dola milioni 1. Na hasira yake ilikuwa na msingi kuliko wengi walivyodhani. Jeffries, alipokuwa bingwa mwanzoni mwa karne iliyopita, alikataa kumpa Mmarekani mweusi nafasi ya kugombea taji. Aliporudi kutoka kustaafu mwaka 1910 ili kumvua ubingwa Jack Johnson, alipigwa mjini Reno hadi kona yake ikasalimu amri katika raundi ya 15. Huyo ndiye mashine iliyemwona bora kuliko Ali. Kompyuta haikuwa na chuki na mtu. Ilirudisha tu ilicholishwa.

Kesi ilimalizwa nje ya mahakama kwa Ali kukubali kushiriki filamu. Kwa hiyo mwaka 1969, katika studio ya Miami, mabingwa wawili ambao hawakuwa wameshindwa walipambana kwa makonde ya nusu nguvu. Ali alikuwa na miaka 27 na alihitaji pesa, maana leseni hakuwa nayo. Marciano alijikondesha na kufunika upara wake kwa nywele za bandia, ambazo Ali alizigonga zikadondoka mbele ya kamera. Raundi fupi nyingi zilirekodiwa, pamoja na miisho tofauti tofauti, ili siri isivuje. Watu wawili waliodhaniwa kuwa wapinzani walitoka pale wakiwa marafiki.

Agosti 31, 1969, wiki chache tu baada ya kurekodi, ndege ndogo iliyombeba Marciano ilianguka karibu na Newton, jimbo la Iowa. Wote watatu waliokuwamo walikufa. Siku iliyofuata angetimiza miaka 46. Hakuwa mtu wa kuamini benki. Alificha pesa taslimu huku na kule, na mjane wake alibaki bila kujua nyingi ziko wapi.

Januari 20, 1970, filamu ilionyeshwa katika kumbi za sinema zaidi ya elfu moja. Marciano, aliyekwisha kuzikwa, alimwangusha Ali raundi ya 13. Bingwa mweusi aliyefungiwa na serikali yake analazwa na bingwa mzungu mbele ya watazamaji wa Marekani ya wakati ule: mtu hahitaji kompyuta kujua mwisho gani ungeuza tiketi.

Maoni yangu ni kwamba Ali wa 1967 angemshinda Marciano. Alimzidi urefu kwa sentimita 12 hivi, alimzidi mikono kwa zaidi ya 20, na Marciano alikuwa mtu wa kuchanika usoni haraka. Lakini nasema hivyo nikijua kwamba nimechagua Ali yupi, sheria zipi na raundi ngapi. Mwingine akichagua Ali wa 1971, aliyerudi na miguu mizito baada ya kufungiwa, na akaweka raundi 15, ana haki ya kufika kwingine.

Ndiyo maana kabla ya kubishana tukubaliane kwanza: ni bondia wa mwaka gani, kwa sheria za enzi gani, na aliwapiga kina nani wakiwa na umri gani. Wanaomdharau Marciano kwa sababu Louis, Walcott na Moore walikuwa wamezeeka wana hoja. Wasisahau tu kwamba hakumkimbia yeyote aliyestahili wakati wake, mweusi wala mweupe. Dempsey, ambaye wengi humweka juu yake, hakuwahi kupigana na Harry Wills, mpinzani mweusi aliyesubiri nafasi miaka na miaka hadi akazeeka nayo.

Pambano hilo la Dempsey na Wills ndilo linalonisikitisha kuliko yote ya kubuni. Ali na Marciano walitenganishwa na kalenda, na hakuna wa kulaumiwa. Dempsey na Wills waliishi nchi moja, wakati mmoja, katika uzani mmoja. Waliotenganishwa na watu wana haki zaidi ya kuulizwa habari zao kuliko waliotenganishwa na miaka, na ningependa siku moja nisikie barazani mtu akiwaulizia hao.